Haller Park ya Bamburi: wanyama waliingiaje, na kipimo cha kuwatunza kimebadilikaje

Mtu wa Kilelengwani hahitaji kukata tikiti ili amwone kiboko. Jioni humsikia kabla ya kumwona, na asubuhi huhesabu mistari ya mahindi iliyokanyagwa usiku. Mamba naye hukumbukwa kwa jina la mtu aliyemnyakua. Ukishuka na barabara ya Malindi mpaka Bamburi, hata hivyo, utakuta watu wamepanga foleni na watoto wao, wanalipa kiingilio ili wawatazame wanyama hao hao wakilishwa.

Huenda mtu wa Delta akauliza hayo ya Bamburi yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu tatu. Kwanza, baadhi ya wanyama wanaofugwa katika vituo vya Mombasa asili yao ni mito yetu, Tana na Sabaki. Pili, kila mafuriko yakija, mnyama mchanga hupotezana na mama yake, na mtu wa kwanza kumkuta ni mvuvi, mkulima au mchungaji. Tatu, watoto wetu hupelekwa huko na shule zao, na ni vyema wajue wanachokitazama. Makala haya yanaeleza jinsi wanyama walivyoingia katika bustani hiyo, sheria inasema nini, na kwa nini jambo lililoonekana la kawaida miaka ya 1980 leo linaulizwa maswali.

Shimo la mawe lililogeuzwa msitu

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi katika miaka ya 1950. Saruji hutokana na mawe ya matumbawe, na mawe hayo huchimbwa. Palipochimbwa palibaki shimo jeupe, jua kali, bila udongo, na maji ya chumvi karibu kabisa na uso wa ardhi. Hapakuwa na jani.

Mwaka 1959 kampuni ilimwajiri René Haller, Mswisi aliyesomea kilimo, aangalie bustani na mashamba yake. Mnamo 1971 alianza kujaribu kupanda miti ndani ya shimo hilo. Alijaribu aina 26, nyingi zikafa. Uliostahimili kuliko yote ulikuwa mvinje, mti ambao kila mtu wa pwani anaujua kwa kuwa huota hata kwenye mchanga wa bahari. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakalala bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Haller akaleta majongoo wekundu, wale tunaowaona masika yanapoanza. Majongoo yakala majani, kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo, na udongo ukaruhusu miti mingine.

Kazi hiyo ilitambuliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1987, Haller alipoingizwa katika orodha ya heshima ya watu 500 waliotumikia mazingira. Sehemu ya msitu huo ilifunguliwa kwa umma mwaka 1984, na baadaye ikapewa jina lake.

Historia hii ni muhimu kwa sababu inaonyesha kwamba Haller Park haikuanza kama bustani ya wanyama. Ilianza kama jaribio la kutibu ardhi. Wanyama waliingia baadaye, na si wote walioingia kwa sababu moja.

Milango minne ya kuingilia

Ukiwapanga wanyama wa pale kwa jinsi walivyofika, utapata makundi manne.

Kundi la kwanza ni waliokuja wenyewe. Msitu ulipoota na maji yakatulia, ndege walifika, tumbili wakafika, kenge wakafika. Hakuna aliyewanunua wala kuwakamata.

Kundi la pili ni walioletwa wafanye kazi au walete mapato. Samaki aina ya ngege walifugwa kwenye mabwawa. Mamba walifugwa. Huko Nguuni, upande wa juu wa Bamburi, pofu, choroa na mbuni waliwekwa kwa ufugaji. Kiboko naye alikuwa na kazi yake, kwani kinyesi chake hurutubisha maji ya bwawa.

Kundi la tatu ni walioletwa watazamwe au wahifadhiwe mbali na kwao. Twiga wa pale ni wa aina ya Rothschild, na makazi yao ya asili ni magharibi mwa Kenya na Uganda, si pwani. Kobe wakubwa wa Aldabra asili yao ni visiwa vya Shelisheli.

Kundi la nne ni waliookolewa: mayatima, majeruhi, na wanyama walionyang'anywa watu waliowafuga bila kibali. Kundi hili ndilo huwagusa watu wengi moyoni, na ndilo lililoipa bustani hiyo jina duniani.

Kiboko wa Sabaki

Mwezi Desemba 2004 kundi la viboko lilikuwa limeshuka na maji ya Mto Sabaki mpaka karibu na bahari, upande wa Malindi. Tarehe 26 mawimbi ya tsunami yaliyotoka Bahari ya Hindi mashariki yakafika kwetu. Kesho yake watu wakamwona kiboko mdogo, wa umri wa kama mwaka mmoja, amekwama peke yake kwenye mwamba.

Wavuvi, wenyeji na wageni walishinda kutwa wakihangaika naye kwa nyavu na kamba. Mnyama wa uzito unaokadiriwa kuwa kilo 270, mwenye hofu na mwenye meno, si mzigo wa mchezo. Mwishowe akakamatwa, akapewa jina la Owen, jina la mmoja wa waliosaidia kumshika, akapakiwa kwenye gari na kupelekwa Bamburi.

Kwa nini hakurudishwa mtoni? Swali hilo liliulizwa sana wakati ule, na jibu lake bado lina maana kwetu. Ndama wa kiboko hukaa na mama yake miaka kadhaa akijifunza. Ukimwacha peke yake hajui ajilinde vipi, na ukimtia katika kundi geni, dume la kundi hilo laweza kumwua. Kumrudisha kungekuwa kumtupa.

Bamburi aliwekwa kwenye eneo lenye kobe mzee wa Aldabra aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi. Owen alimkimbilia akajibanza nyuma yake kama kwa mama. Kobe mwanzoni alimkimbia, kisha akamzoea, wakawa wanakula na kulala pamoja. Paula Kahumbu, aliyekuwa akiongoza kitengo cha mazingira cha kampuni, na mtunzaji Stephen Tuei waliifuatilia hali hiyo kwa karibu, na mwaka 2006 kitabu chenye picha za Peter Greste kikaisambaza hadithi hiyo duniani kote.

Wengi waliishia hapo, kwenye urafiki. Watunzaji hawakuweza kuishia hapo. Kiboko dume akikomaa hupita kilo 1,500. Mchezo wake wa kawaida ungeweza kumvunja kobe gamba. Tena, kiboko aliyelelewa na kobe alikuwa anakua bila kujua ukiboko. Kwa hiyo, baada ya kama miaka miwili, akatengwa na Mzee na kukutanishwa na kiboko jike aitwaye Cleo, ambaye naye alikuwa ameishi peke yake kwa muda mrefu.

Uamuzi huo haukuwafurahisha wageni wote waliokuja kuwaona Owen na Mzee pamoja. Lakini ndio hasa mfano wa mabadiliko tunayoyazungumza. Picha iliyokuwa ikiwavuta watu iliwekwa kando kwa sababu ya haja ya mnyama mwenyewe.

Mamba na mayai ya Mto Tana

Upande wa mamba hadithi ni ya biashara zaidi. Mamba wa Nile alikuwa amewindwa sana kwa ajili ya ngozi, na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES, ulimweka kwenye orodha kali kabisa. Mwaka 1985 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi chache za Afrika zilizoruhusiwa kuuza ngozi kwa mgao maalumu. Vituo vya kufuga mamba vikastawi pwani. Kinachojulikana sana na wageni ni Mamba Village ya Nyali.

Mbegu ya ufugaji huo ni mayai, na kingo za Mto Tana ni mojawapo ya mahali yalipokuwa yakikusanywa. Hoja yake ni hii: mamba jike hutaga mayai kama 40 hadi 60 kwenye mchanga, na hukaa karibu miezi mitatu kabla ya kuanguliwa. Katika muda huo kenge huyachimbua, nyani huyala, na maji yakipanda ghafla huyaozesha. Wachache sana hufikia ukubwa. Ukichukua sehemu ya mayai ukayaangua ndani, utapata mamba wengi bila kupunguza sana walioko mtoni, na watu wa kando ya mto wakilipwa kwa mayai, wana sababu ya kutoyavunja.

Kwenye karatasi hoja hiyo ina nguvu. Kando ya mto ina swali ambalo mtu wa Delta ana haki ya kuliuliza: faida inabaki wapi? Anayeteka maji kwa hofu kila siku ni wetu. Ngozi inauzwa mbali, tikiti inakatwa Mombasa. Kama mnyama ni mali, basi anayeishi naye na anayezikwa kwa ajili yake awe na fungu katika mali hiyo.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, imetaja fidia. Mtu akiuawa na mnyama aliyeorodheshwa, wakiwamo mamba na kiboko, familia inastahili shilingi milioni 5. Aliyepata ulemavu wa kudumu, shilingi milioni 3. Aliyejeruhiwa vinginevyo, hadi milioni 2. Kwamba malipo hayo huchelewa miaka si siri kwa mtu yeyote wa Tana River.

Sheria ilivyobadilisha njia ya kumpata mnyama

Zamani, mwenye shamba kubwa au kampuni aliweza kumpata mnyama kwa urahisi zaidi. Alikamata, alinunua au alipewa zawadi. Mambo yamebanwa hatua kwa hatua.

Mwaka 1976 Kenya ilitunga sheria ya wanyamapori iliyoweka usimamizi chini ya mkono mmoja, na 1977 uwindaji ukapigwa marufuku. Nchi ikajiunga na CITES mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, kwa hiyo kumwingiza au kumtoa mnyama aliyeorodheshwa kukahitaji kibali cha pande zote mbili. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likaanza kazi mwaka 1990. Sheria ya 2013 ikaongeza adhabu na kutaka leseni kwa shughuli za kuwakamata, kuwafuga na kuwatumia wanyamapori.

Sheria hiyo haichagui ukubwa. Mwaka 2025 watu wanne walitozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja mjini Nairobi kwa kukutwa na siafu. Ndiyo, siafu, kwa maelfu, waliofungwa kwenye vichupa ili wakauzwe kwa wafugaji wa ng'ambo. Anayedhani kobe mmoja au digidigi mmoja uani hauhesabiwi, afikirie tena.

Kuna pia nguvu ya wananchi. Mwaka 2005 serikali ilikubali kuipa Thailand wanyama 175 kwa ajili ya bustani ya Chiang Mai. Wahifadhi na wenyeji walipinga, kesi ikafika Mahakama Kuu, na amri ya kusimamisha ikatolewa. Na mwaka 2019, mkutano wa CITES wa Geneva uliamua kufunga karibu kabisa njia ya kuwatoa tembo wa porini wa Afrika na kuwapeleka bustani za ng'ambo.

Kutoka kushiba hadi kuishi

Kipimo cha zamani cha utunzaji kilikuwa chepesi. Je, mnyama anakula? Anakunywa? Hana kidonda? Basi yuko salama.

Kipimo hicho kilianza kubadilika Uingereza, na si kwa simba wala tembo, bali kwa kuku, nguruwe na ng'ombe. Ripoti ya Brambell ya 1965 ilitaka mfugo aweze angalau kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Kutokana na hiyo, mwaka 1979 zikaandikwa zile ziitwazo haki tano: asipate njaa na kiu, asikose raha ya mahali, asiumie wala kuugua bila tiba, aweze kuishi kwa tabia yake ya asili, na asiishi kwa hofu.

Baadaye wataalamu wakasema hata hizo hazitoshi, kwa sababu zinasema nini kisiwepo, hazisemi nini kiwepo. Mfumo wa nyanja tano, uliotungwa na David Mellor na mwenzake mwaka 1994, unaangalia lishe, mazingira, afya na mwenendo, kisha unauliza nyanja ya tano: mnyama mwenyewe anajisikiaje? Shirikisho la bustani za wanyama duniani, WAZA, liliufanya mfumo huo kuwa msingi wa mwongozo wake wa mwaka 2015.

Maana yake kwa bustani ndogo ni kubwa. Kizimba cha saruji ni rahisi kuosha, lakini chui hana pa kujificha. Nyoka anayevalishwa wageni shingoni apigwe picha hawezi kuepuka mikono. Tumbili aliyefungwa peke yake huzunguka njia ile ile mchana kutwa, na mzunguko huo ni dalili ya shida hata kama manyoya yanang'aa. Kulisha twiga kwa mkono kunawafurahisha watoto, lakini twiga awe na uwezo wa kuondoka akichoka, na chakula kile kisiwe ndicho mlo wake wote.

Kuna swali jingine ambalo bustani ndogo hulikwepa, nalo ni la miaka. Kiboko huishi miaka 40 hadi 50. Kobe wa Aldabra hupita 100. Kampuni ya Bamburi yenyewe imepita mikononi mwa Lafarge ya Ufaransa, ikawa chini ya muungano wa Lafarge na Holcim mwaka 2015, na mwishoni mwa 2024 ikanunuliwa na Amsons ya Tanzania. Wenye mali wamebadilika, kobe ni yule yule. Anayemchukua mnyama wa aina hiyo anaahidi kwa niaba ya watu ambao bado hawajazaliwa. Ugonjwa wa Korona ulipofunga utalii mwaka 2020, kila aliyetegemea kiingilio cha mlangoni kununua majani na samaki aliona ahadi hiyo ilivyo nzito.

Majirani wawili wa kulinganisha

Watamu, kituo cha nyoka cha Bio-Ken kilianzishwa na James Ashe na mkewe mwaka 1980. Pale nyoka wanatazamwa, lakini wana kazi pia. Kituo huwatoa nyoka majumbani mwa watu, hufundisha huduma ya kwanza kwa aliyeumwa, na husaidia upatikanaji wa dawa ya sumu. Mnyama anayefugwa kwa sababu inayoeleweka na jirani hulindwa na jirani.

Zanzibar, kisiwa cha Changuu kilipokea kobe wanne wa Aldabra kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wakazaana mpaka wakafika kama 200 mwaka 1955. Kisha wizi ukaanza, kwa ajili ya kuliwa na kuuzwa ng'ambo. Kufikia 1996 walibaki saba. Makumi ya kobe wadogo wakaletwa, nusu yao wakapotea tena, mpaka eneo likajengewa uzio na kuwekewa ulinzi kwa msaada wa shirika la kimataifa la kutetea wanyama. Kupata wanyama kulikuwa rahisi. Kuwalinda ndiko kulikowashinda watu kwa miaka 40.

Ukimkuta mnyama Delta

Delta ya Tana imekuwa ardhioevu inayotambuliwa na mkataba wa Ramsar tangu 2012, na mafuriko kama ya mwishoni mwa 2023 huwasogeza wanyama mpaka milangoni. Kwa hiyo haya yafaa kujulikana.

Ndama au mtoto wa mnyama aliye peke yake si lazima awe yatima. Digidigi na swara huwaficha watoto wao wakaenda kula. Mwangalie kwa mbali kwa saa kadhaa kabla ya kumgusa. Mtoto wa kiboko usimsogelee kabisa, kwani mama akiwa karibu hatauliza.

Ikionekana kweli ameachwa au ameumia, mpashe habari chifu au ofisi ya KWS iliyo karibu. Usimpe maziwa ya ng'ombe, maana wanyama wengi wa porini huharisha na kufa kwayo. Watoto na mbwa wakae mbali. Kelele na mikono mingi humwua mnyama kwa hofu kabla njaa haijamfikia.

Usimpeleke nyumbani, hata kwa nia njema. Kisheria umekuwa mfugaji asiye na kibali. Kimaisha umemzoesha watu, na mnyama aliyezoea watu mara nyingi harudi tena porini. Njia aliyobakiwa nayo ni uzio.

Akichukuliwa, una haki ya kuuliza anakwenda wapi na kama atarudishwa. Uliza, na uandike tarehe na jina la ofisi.

Na siku mtoto wako akienda Bamburi, Nyali au popote, mpe maswali manne ya kubeba. Mnyama huyu alitoka wapi? Kwa nini hakurudishwa? Ana mahali pa kujificha nisimwone? Bustani ikifungwa kesho, nani atamlisha? Mtunzaji anayeijua kazi yake hatakasirika kuulizwa, na asiye na jibu hata moja amekwisha kujibu.